Kumweka jogoo kati ya kuku wachache katika parsele ya Goma

Kuku jike hutaga bila jogoo. Wafugaji wa mayai ya biashara wanalijua jambo hili tangu zamani, lakini katika parsele nyingi za Goma, yaani viwanja vya nyumba, mtu akinunua kuku wanne wa kutaga bado hutafuta na wa tano aliye dume, akidhani kwamba asipokuwapo viota vitabaki vitupu. Jogoo haongezi hata yai moja. Anachoongeza ni mbegu, ili yai liweze kuatamiwa na kuanguliwa, pamoja na ulinzi na utaratibu ndani ya kundi. Na kwa malipo ya hayo anakula kila siku, anahitaji nafasi, anawika kabla ya mapambazuko na mara nyingine anawatisha watoto.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama unataka vifaranga. Kama unachotaka ni mayai ya kula na ya kuuza kwa jirani, basi fuga majike peke yao nawe utakuwa umejipunguzia gharama na ugomvi. Kama unataka vifaranga mara moja tu kwa mwaka, na kuku wako hawafiki sita, maoni yangu ni kwamba bado hujafikia hatua ya kununua jogoo: tafuta mayai yenye mbegu kwa mfugaji unayemwamini, uyaweke chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia, naye atayalea kama yake. Jogoo anafaa pale ambapo unataka kundi lijizalishe lenyewe mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo maelezo yanayofuata yanapokuwa na maana.

Jogoo mmoja kwa majike wangapi

Kwa kuku wa kienyeji na wale wepesi, jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 12. Kwa kuku wa miili mizito, 8 ni kiasi kizuri. Wakiwa wachache mno, jogoo huwapanda haohao mara kwa mara, na dalili yake haifichiki: manyoya ya mgongoni na ya kisogoni hukatika, ngozi hubaki wazi, na jike aliyechoka hujificha ndani ya kiota mchana kutwa akiogopa kutoka. Aghalabu jogoo huwa na kipenzi chake, hivyo utamwona mmoja amekwisha manyoya ilhali wenzake wako wazima. Mtenge huyo kwa wiki chache ili manyoya yaote, na uongeze majike kama una uwezo.

Hakuna haja ya jogoo wa pili “wa akiba” katika parsele ndogo. Majogoo wawili wenye majike wanane watapigana, na hata wasipopigana, mnyonge atazuiwa kufika kwenye chakula na kila mmoja atajibu mlio wa mwenzake. Hofu ya kwamba jogoo akifa ghafla mayai yatapoteza mbegu mara moja haina msingi, kwa sababu mwili wa kuku jike huhifadhi mbegu za dume na kuzitumia polepole, hivyo mayai yanayotagwa kwa muda wa wiki 2 hivi baada ya jogoo kuondoka bado yanaweza kuanguliwa. Muda huo unatosha kabisa kumtafuta mwingine bila haraka.

Kumchagua

Mtafute jogoo mwenye umri kati ya miezi 8 na mwaka mmoja na nusu. Pora wa miezi mitano anaweza kuwika na kupanda, lakini tabia yake bado haijulikani, na mara nyingi pora mpole aliyelelewa na watoto ndiye anayegeuka mkali anapokomaa. Mwangalie akiwa kati ya kuku wengine, wala si akiwa ameshikwa miguu akining’inia kichwa chini sokoni. Jogoo mzuri akiona punje huiokota na kuiangusha, huku akitoa sauti fupi za kuwaita majike, kisha huwaacha wale kwanza. Akiona kivuli cha mwewe hutoa mlio mmoja mkali na kundi lote hukimbilia mafichoni. Akiona mbwa au paka mlio wake ni mwingine, wa kukatikakatika. Anayekula peke yake na kuwafukuza majike kwenye chakula usimchukue, hata awe na mkia wa kupendeza namna gani.

Mshike mwenyewe. Undu wa kichwani uwe mwekundu na usiwe na vidonda vyeusi vya ndui, macho yawe makavu na maangavu, kifua kisiwe chembamba kama kisu, na pumzi isiwe na mkoromo. Fungua manyoya yaliyo karibu na tundu la nyuma utazame chawa na utitiri, kwa maana hapo ndipo wanapojificha. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko mweupe, kuna wadudu chini yake. Hao hutibika kwa kupaka miguu mafuta ya kupikia kila baada ya siku chache mpaka ukoko ulegee, lakini ni haki yako kudai bei ipungue.

Usimchukue dume wa kuku wa nyama waliofugwa kwa kunenepeshwa. Mwili wake ni mzito kuliko miguu yake, huwaumiza majike anapowapanda, na mara nyingi hafiki mwaka wa pili. Vilevile usimchukue kaka wa majike uliyo nayo. Katika kundi dogo damu hukaribiana upesi: mayai huanza kukosa kuanguliwa na vifaranga huwa dhaifu. Afadhali jogoo wa kawaida kutoka mtaa mwingine kuliko jogoo mzuri aliyeanguliwa chini ya paa lako.

Majogoo wengi wanaouzwa mjini huletwa kutoka Masisi, Rutshuru au kisiwa cha Idjwi, wakiwa wamechanganywa njiani na kuku wa watu wengi. Ukimnunua huko, mtenge kwa muda wa wiki 3, mbali na kundi lako, akiwa na chombo chake cha maji. Hudumia kundi lako kwanza, yeye awe wa mwisho, na unawe mikono na kusafisha viatu baadaye. Najua kwamba nafasi ni finyu, lakini hata tenga lililowekwa upande wa pili wa nyumba ni bora kuliko kumwachia siku hiyohiyo.

Mahali pa banda

Goma ina jambo ambalo mfugaji wa mji mwingine hahitaji kulifikiria. Katika sehemu za magharibi ya mji, kama Himbi, Kyeshero na kuelekea Bulengo, mna mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano ambamo hewa ya ukaa itokayo ardhini hukusanyika, yaani mazuku. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia chini, hasa usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia, na kiumbe mfupi ndiye anayefikiwa kwanza. Usijenge banda ndani ya shimo wala chini ya ukuta unaozuia upepo mahali panapojulikana kuwa na mazuku, na kama wazee wa mtaa wanasema mbuzi au mbwa waliwahi kufa hapo bila ugonjwa, waamini. Pandisha banda mahali palipoinuka, juu ya nguzo, uache pande zake wazi ili upepo upite.

Penye lava ya mwaka 2002 huwezi kuchimba mashimo ya nguzo. Watu hutengeneza fremu ya mbao inayosimama yenyewe juu ya mawe yaliyopangwa, na hiyo inatosha kwa banda la kuku kumi. Faida ni kwamba hakuna mnyama atakayechimba kuingia kwa chini. Hasara ni kwamba nyufa za mawe ni makazi ya panya, kwa hiyo ziba kila upenyo unaozidi upana wa kidole gumba na usiache chakula usiku. Kunguru na mwewe watachukua vifaranga mchana. Mwizi wa miguu miwili huja usiku, na jogoo, pamoja na sifa zake zote, hatakuamsha ikiwa gizani ameshikwa mabawa. Kwa hiyo kufuli ni lazima.

Ndani ya banda, pima angalau mita 1 ya mraba kwa kila kuku 3 au 4. Sehemu ya kulalia iwe ubao bapa wenye upana wa sentimita 5 hivi na kingo zilizopigwa randa, na kila kuku apate sentimita 20 hadi 25. Usiuweke juu sana. Jogoo mzito akiruka kila asubuhi kutoka urefu wa mita moja na nusu na kutua juu ya jiwe kali, unyayo wake hupasuka, uchafu huingia, na uvimbe wa usaha huota chini ya mguu. Akishaumwa mguu hawezi kupanda majike, na mayai hukosa mbegu ingawa kwa macho haonekani mgonjwa. Nusu mita inatosha, na mahali wanapotua pawekwe tabaka nene la maranda makavu. Katika uwanja wao wa mchana pia, mwaga udongo au mchanga juu ya mawe, na uwatengenezee sanduku lenye udongo mkavu uliochanganywa na majivu kidogo ya kuni, kwa sababu juu ya lava tupu kuku hawana pa kujigaragaza ili kujiondolea chawa. Sanduku hilo liezekwe, la sivyo mvua moja italigeuza matope.

Kumwingiza katika kundi

Wiki za kutengwa zikiisha, mweke jogoo kwenye kizimba cha wavu karibu na majike kwa siku kadhaa, waonane bila kugusana. Kisha mwingize usiku, wakiwa wamelala, na asubuhi uwepo hapo. Kutakuwa na kukimbizana, na majike wakubwa wanaweza kumpiga jogoo mchanga. Hilo ni jambo la kawaida nalo huisha lenyewe. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, vikiwa mbalimbali, ili mnyonge asikose. Damu ikitoka, mtoe aliyejeruhiwa mara moja, kwa sababu kuku huvutwa na rangi nyekundu na kuendelea kudonoa jeraha mpaka kuua.

Kuwika na majirani

Watu hudhani jogoo huwika kwa kuwa ameona mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, nchini Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba anaongozwa na saa iliyo ndani ya mwili wake: majogoo waliowekwa katika mwanga hafifu usiobadilika waliendelea kuwika kabla ya wakati wa mapambazuko. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba kuziba banda kwa maturubai hakutazuia mlio wa kwanza, ingawa kunaweza kupunguza milio ile inayochochewa na taa za magari na za jirani.

Kinachosaidia ni mahali. Weka banda mbali na ukuta wa chumba cha kulala cha jirani, na upande unaomtazama ujenge kwa mbao zilizopandana au kwa mawe, huku upande ulio wazi ukielekea nyumba yako mwenyewe. Mikanda ya kubana shingo ili sauti isitoke siikubali, kwani jogoo anaweza kukabwa nayo. Kabla ya kumleta, ongea na walio karibu nawe, na ukianza kupata mayai wapelekee machache. Jirani anayekula mayai yako huvumilia mengi. Asipovumilia, usisubiri shauri lifike kwa mkuu wa avenyu.

Chakula na maji

Kuku mmoja mkubwa hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, kwa hiyo kundi la kumi linahitaji kilo 1 na robo hivi. Mahindi yaliyopondwa na pumba ndiyo msingi, soya iliyokaangwa na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa na kusagwa huleta kinachojenga mwili, na lengalenga (mchicha) au majani mengine mabichi yafungwe kwa kamba yaning’inie ili wadonoe polepole. Sambaza wasizidi, maana mayai hunuka samaki. Majike wanaotaga wanahitaji chokaa nyingi kuliko jogoo, na chakula cha kutagisha kinachouzwa madukani tayari kina chokaa ya kiwango chao. Kwa hiyo ukichanganya chakula mwenyewe, usitie maganda ya mayai ndani yake bali uyakaushe, uyaponde na kuyaweka katika chombo cha peke yake, kila jike atachukua kadiri ya haja yake naye jogoo atayapita. Jogoo anayeita majike wale kwanza hukonda wakati mwingine. Mpe kiganja cha mahindi pembeni jioni.

Mabaki ya jikoni yana hatari mbili ambazo hapa kwetu zinasahaulika kwa sababu vyakula vyenyewe ni vya kila siku. Maganda na kokwa za avoka ni sumu kwa ndege, na maharagwe makavu yasiyopikwa yakaiva vizuri pia huwadhuru. Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe.

Maji yawe safi na yabadilishwe kila siku. Ukikinga maji ya paa, acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga, maana moshi na majivu ya volkano hutua juu yake.

Chanjo

Ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri au mdondo, ndio unaofuta makundi. Hauna dawa, una chanjo tu. Chanjo ya tone la jicho, ya aina ya I-2 au La Sota, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, kwa kufuata maelezo ya chupa na ya mganga wa mifugo. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa parsele moja, na ikishachanganywa hudumu kwa saa chache tu, kwa hiyo kubalianeni majirani kadhaa mchanje siku moja na mgawane gharama. Hilo lina faida ya pili: kuku wa jirani akikingwa, wako pia hupungukiwa na hatari.

Jambo moja linalowaangusha watu wa Goma ni klorini. Maji ya ziwa yaliyotiwa klorini huua chanjo hai ikichanganywa ndani yake. Ukichanja kwa maji ya kunywa, tumia maji yasiyo na dawa, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, usubiri kidogo kabla ya kuweka chanjo. Tone la jicho, kwa kundi dogo, ni njia ya hakika zaidi.

Kupata vifaranga

Yai lenye mbegu linaliwa kama jingine. Halianzi kuwa kifaranga mpaka lipate joto la kuatamiwa kwa saa nyingi. Okota mayai kila siku. Yale ya kuangulisha yachaguliwe yaliyo safi, ya ukubwa wa kawaida na yasiyo na ufa, yawekwe mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba ikiwa chini, na yasizidi siku 7. Kuku wa kienyeji hufunika 10 hadi 12 vizuri. Usiku wa siku ya 7 yamulike kwa tochi ya simu: yai lenye uhai lina mishipa myembamba inayotawanyika kutoka doa moja, na lisilo na mbegu huwa angavu tupu. Mayai yasiyo na mbegu yakizidi nusu, tazama miguu, umri na uzito wa jogoo wako kabla ya kumlaumu anayeatamia. Vifaranga hutoka siku ya 21.

Karibu nusu yao watakuwa madume, na hili lipangiwe mapema. Mapora watano wakifikia miezi minne watamsumbua baba yao, watapigana na kuchosha majike. Watenge, waneneshe, wauze au wachinjwe kabla ya miezi sita, isipokuwa yule mmoja unayetaka kubadilishana na mfugaji wa mtaa mwingine.

Jogoo mkali, na wakati wa kumbadilisha

Jogoo anayekuzunguka kwa hatua za pembeni huku ameshusha bawa moja anakupima. Usikimbie na usimpige teke, kwa kuwa yote mawili humthibitishia kwamba ninyi mnashindana. Mwendee polepole mpaka aondoke yeye. Watoto wadogo wasiingie bandani peke yao. Kipi chake, ule mwiba wa mguuni, kikirefuka, mshike jioni na ukwangue ncha tu kwa tupa, bila kufika sehemu ya ndani yenye damu. Akiendelea kurukia watu, mchinje, wala usiache mayai yake yaanguliwe, kwa sababu ukali kwa sehemu hurithiwa, na jicho la mtoto haliwezi kununuliwa sokoni Virunga.

Jogoo mpole mwenye kuzalisha vizuri atakufaa kwa miaka 2. Baada ya hapo mbegu hupungua, na zaidi ya yote majike wapya watakuwa binti zake. Mtoe yeye, au watoe binti, kisha mlete mwingine kwa utaratibu uleule wa kumtenga. Ukitaka kuwa na hakika kwamba vifaranga ni vya jogoo mpya, mayai ya wiki 3 za kwanza baada ya wa zamani kuondoka uyale nyumbani au uyauze, na uanze kuweka ya kuangulisha katika wiki ya 4.